Mota ya Kibosho na sekunde 12.2

Mwaka 2021, msimu wa kahawa ulipoanza, mota moja ya mashine ya kumenyea kahawa ililetwa karakanani kwetu Moshi mara 3. Kila mara ilikuwa imeungua mahali palepale: koili ya kuanzia nyeusi kama mkaa, koili ya kuendeshea haina hata kovu. Mara ya kwanza na ya pili niliisuka mwenyewe, nikahesabu mizunguko, nikapaka vanishi, nikaianika mpaka ikakauka. Mara ya tatu mwenye mashine, baba mmoja wa Kibosho, aliitua juu ya meza akasema, "Fundi, hizi waya mnazonifungia mnazitoa wapi?" Nilimwelewa. Nyumbani kwake kulikuwa na kahawa mbivu iliyokwisha kuchumwa, na kahawa ikishachumwa haingoji. Isipomenywa mapema inaanza kuchacha na maganda yake, na hasara yote inamrudia mkulima siku ya kuuza.

Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa amekaa mlangoni. Akasema analosema siku zote, kwamba umeme mdogo unaua mota. Nikamwuliza, "Lakini mzee, ukiwa mdogo si ndiyo ingepoa? Mdogo unaunguzaje?"

Akafikiri. "Binti yangu, kwamba unaua nimeona kwa macho yangu. Namna unavyoua, hiyo kawaulize waliokaa darasani."

Mimi nilikuwa nimekaa darasani. Nilikuwa na stashahada ya umeme niliyoimaliza miaka 11 nyuma, na jibu sikuwa nalo. Hilo liliniuma kuliko kauli ya mteja. Tukamwazima yule baba mashine ya kuzungusha kwa mkono amalizie msimu, na mimi Septemba ile nikajiandikisha kozi ya sakiti na elektroniki ya chuo kikuu kimoja cha ng'ambo, kozi ya wanafunzi wa uhandisi, inayofundishwa na kutahiniwa mtandaoni mwanzo hadi mwisho. Kutazama masomo kulikuwa bure. Kutahiniwa ndiko kulikolipiwa, na ada ile niliikusanya kwa kusuka mota 9.

Nilijua cheti cha kozi moja hakinifanyi mhandisi. Hapa kwetu mhandisi ni yule aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na njia ya kufika huko ni shahada kamili pamoja na muda wa kazi chini ya wahandisi wazoefu. Sikuwa natafuta jina hilo. Nilikuwa natafuta jibu la swali moja.

Ufundishaji wenyewe ulikuwa hivi. Kila wiki kulikuwa na vipande vya video kama 10, kila kimoja dakika 8 au 10. Sura ya mwalimu huioni. Unaona mkono wake ukichora resista, kile kifaa cha kuzuia mkondo, na betri, unasikia sauti, kana kwamba umekaa naye meza moja. Kipande kikiisha linatokea swali dogo, nawe unajibu kabla ya kwenda mbele. Kiingereza chake kilikuwa cha haraka, nikapunguza kasi ya video, na maneno yakiandikwa chini yake nikawa namfuata vizuri. Video nilizipakua kwa bando la usiku, kwa sababu mchana mtandao ulikuwa mzito na bando la mchana ni ghali. Alfajiri nazitazama, saa 2 nafungua karakana.

Kuna jambo moja katika video ambalo darasani sikuwahi kulipata. Darasani mwalimu akishavuka mstari usiouelewa, amevuka. Umeachwa hapo, na aibu ya kunyoosha mkono inakumaliza. Huku nilirudia kipande cha kanuni za Kirchhoff mara 6, na hakuna aliyeguna. Gustav Kirchhoff aliziandika kanuni zake mwaka 1845, na moja inasema umeme wote unaoingia kwenye kiungo lazima utoke, hakuna unaopotea hapo. Mara ya sita nilisimamisha video nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimeuona mfongo. Nimekulia kihambani, juu mlimani, ambako maji ya mtoni yanaletwa mashambani kwa mifongo waliyochimba mababu. Maji yakifika panapogawanyika, kinachoingia kwa jirani na kinachoingia kwetu ukijumlisha unapata kile kilichotoka juu. Kikipungua, kuna mtu amechepusha au kuna ufa. Bibi yangu alikuwa akipanda mfongo na jembe kutafuta ufa huo. Tangu siku hiyo kila sakiti naichora kama mfongo kwanza, na sijawahi kuona sababu ya kuacha.

Hadi hapo kozi ilikuwa raha. Shida yangu ilianzia kwenye alama, nami nataka kukaa hapa kidogo, kwa sababu vijana wengi wanaoniuliza habari za kozi hizi huuliza ada na cheti, hawaulizi unapimwaje.

Kazi za kila wiki zilisahihishwa na mashine. Swali linatoka, lakini namba zake si zako na za mwenzako sawasawa. Mimi napewa resista ya omu 470, mwenzangu aliyeko India anapewa ya 820. Kuibia jibu hakukusaidii. Unaandika namba kwenye kisanduku, unabonyeza, na papo hapo inatokea alama ya kijani au nyekundu. Mashine inavumilia kosa dogo la asilimia chache, basi. Mahali pengine haitaki namba, inataka fomyula, na niliwahi kujiuliza inajuaje kwamba fomyula yangu ni sawa na ya mwalimu iwapo nimeipanga kwa namna nyingine. Nikaja kujua: inachukua herufi zako, inazipachika namba kadhaa ilizochagua yenyewe, inapiga hesabu, inalinganisha na ya mwalimu. Zikilingana kila mara, umepata. Kwa hiyo haijali umefikaje. Ukisahau alama ya kuzidisha kati ya herufi mbili, umekosa. Ukiandika ampea pale inapotaka miliampea, umekosa, hata kama uelewa wako ni wa dhahabu.

Sisi tuliosoma hapa tumezoea alama za njia. Mwalimu akiona umeanza vizuri ukateleza kwenye kugawanya, anakupa 4 kati ya 5, anazungushia pale ulipoteleza kwa kalamu nyekundu. Ile kalamu nyekundu niliidharau nikiwa mwanafunzi. Kwenye kozi hii niliililia. Mashine inasema tu umekosa, na wewe ndiye utafute ni wapi.

Lakini kazi za wiki ziliruhusu kujaribu tena na tena bila kukatwa alama, na hapo ndipo nilipoharibikiwa. Mwanzoni nilikuwa napiga hesabu daftarini, naweka jibu. Wiki ya tatu nikachoka, nikaanza njia ya mkato. Nikipata nyekundu, nagawanya kwa 2. Bado nyekundu, nazidisha kwa 2. Nageuza alama ya hasi. Nasogeza nukta. Mara ya tano au ya sita kijani inatokea, nafurahi, nasonga. Sikuliita jina baya. Nilijiambia nafanya majaribio, kama fundi anayejaribu kapasita, kile kifaa cha kutunza chaji, moja baada ya nyingine mpaka feni izunguke. Alama zangu za kazi za wiki zilikuwa 96 kwa 100, na nilimwonyesha mzee kwenye simu.

Mtihani wa kati ulikuwa wa saa 2, jaribio moja kwa kila swali, ukisimamiwa kwa kamera. Kabla ya kuanza unatembeza kamera chumba kizima, juu ya meza, chini ya meza. Nilifanyia chumbani kwa dada yangu, mtaa wa Pasua, nikawaomba watoto wacheze nje. Programu ile ilikuwa inaangalia macho ya mtahiniwa, nami ninapiga hesabu kwa kalamu na karatasi, kichwa chini muda mrefu, ikanihesabia mara 14 kwamba nimeangalia pembeni. Baadaye binadamu alipitia video, akaona karatasi na kalamu, akanifutia. Nashukuru alikuwepo binadamu huyo. Dakika ya 50 umeme ukakatika, ruta ikazima, nikahangaika kuunganisha simu, na saa ya mtihani haikusimama. Nilipoteza dakika 11. Niliwaandikia, wakanijibu kwa heshima kwamba saa haisimami kwa mtu yeyote.

Nilipata 41.

Ningependa kusema ni zile dakika 11, na siku mbili za kwanza ndivyo nilivyosema kwa kila mtu. Ukweli niliujua usiku wa pili, nilipofungua swali la nne tena. Lilikuwa ni swali lilelile la wiki ya tatu, namba tofauti tu. Kijani yake nilikuwa nayo. Njia yake sikuwa nayo, wala sikuwahi kuwa nayo.

Wiki ile nilitaka kuacha. Kilichonirudisha ni habari niliyoisoma kuhusu kozi ya kwanza kubwa ya aina hii, ile ya sakiti na elektroniki ambayo chuo cha MIT cha Marekani kiliifungulia dunia nzima mwaka 2012. Walijiandikisha watu karibu 155,000. Waliofaulu walikuwa 7,000 na ushei. Wengine walisoma hiyo wakaona ni kichekesho cha elimu ya mtandaoni. Mimi niliwaza wale 148,000. Siamini walikuwa wazembe. Wamo walioingia kuchungulia tu, na hilo ni haki yao, lakini naamini wamo pia waliokuwa na zamu za usiku, na wagonjwa nyumbani, na waliopata nyekundu wakiwa peke yao saa 9 usiku bila mtu wa kumwambia "hebu lete daftari tuone". Nikaona nikiacha nitakuwa mmoja wao, na yule baba wa Kibosho atarudi na mota yake msimu ujao.

Nikajiwekea sheria moja. Hakuna jibu linaloingia kwenye kisanduku kabla sijaliandika daftarini kwa kalamu ya wino, pamoja na mstari mmoja wa Kiswahili unaoeleza kwa nini naamini ni hilo. Nikipata nyekundu, nafunga kompyuta, natafuta kosa kwenye karatasi, narudi kesho. Ilikuwa kazi ya polepole. Alama zangu za wiki zilishuka hadi 80, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zangu. Pia nilikodi betri na inveta kwa jirani anayeuza vifaa vya sola, nikaacha kutegemea umeme wa ukutani siku za mitihani.

Jambo dogo la saa, lakini linaweza kukukosesha kozi nzima. Kazi zilikuwa zinafungwa saa 6 usiku kwao, ambayo kwetu ilikuwa saa 1 asubuhi. Novemba wao walirudisha saa zao nyuma, sisi huku hatubadilishi, ikawa saa 2 asubuhi. Safari hii mabadiliko yaliniongezea saa moja. Kwa kozi inayoanza Februari yangenipunguzia. Nilichora saa mbili ukutani na kalamu ya mkaa, ya kwao na ya kwetu.

Sasa maabara. Kwenye mtandao maabara ilikuwa programu ya kuigiza sakiti. Unachora, unabonyeza, mkondo unapita. Ni kitu kizuri sana cha kujifunzia, kwa sababu hakuna kinachoungua na hakuna kinachogharimu. Ila kwenye programu hiyo resista ya omu 1,000 ni 1,000 kamili, waya haulegei, na kutu haipo. Kazi moja tu, ya mwisho, ilitaka sakiti ya kweli: kuchaji kapasita kupitia resista na kupima inachukua muda gani kufika asilimia 63 ya volti za betri. Muda huo unaupata kwa kuzidisha resista na kapasita. Omu 10,000 mara maikrofaradi 1,000 ni sekunde 10. Kapasita mpya niliagiza Arusha ikaja kwa basi, resista niliinyofoa kwenye redio mbovu, betri ya volti 12 ikawa ile ya jirani.

Nikaunganisha, nikaegesha simu irekodi mita pamoja na saa ya ukutani, nikawasha. Mita ikapanda mpaka volti 7.6, yaani asilimia 63 ya 12, kwa sekunde 12.2. Nikaitoa chaji yote, nikarudia. 12.3. Nikarudia. 12.2.

Nikaweka 12.2 kwenye kisanduku. Nyekundu.

Nilikuwa na majaribio mawili yaliyobaki na saa 3 kabla ya kufungwa. Nilibadilisha waya. Nilisafisha miguu ya resista kwa wembe. 12.2. Sheria yangu ya daftari ilikuwa ukutani mbele yangu, na nikaivunja: nikaandika 10.2, ikatokea kijani. Halafu, kwa kuwa ripoti lazima ifanane na jibu, nikakaa nikarekebisha jedwali zima la vipimo, mstari kwa mstari, mpaka likakubaliana na sekunde 10.2. Ripoti zilisahihishwa na wanafunzi wenzetu 3 kwa mwongozo wa alama. Jedwali lipo? Lipo. Grafu ipo? Ipo. Wote 3 walinipa alama zote, na mmoja aliandika kwamba kazi yangu ni safi.

Mtihani wa mwisho ulikuwa na sehemu mbili: ile ya maandishi kwa kamera, na dakika 15 za kuulizwa ana kwa ana kwa video na mwalimu msaidizi. Nilijua ataniuliza kuhusu maabara. Sikujua ataniambia niiunganishe sakiti palepale, mbele yake, niirudie.

Nikaiunganisha. Mikono haikutetemeka kwenye kuunganisha, hiyo ni kazi ninayoifanya kila siku. Akasema nitaje volti kila baada ya sekunde 2. Nilipofika sekunde ya 10 nilikuwa volti 6.7, na wote wawili tulijua. Nikaendelea kutaja mpaka 7.6, sekunde 12.2. Kukawa kimya. Ningeweza kusema betri imechoka. Nikamwambia ukweli, kwamba siku ya ripoti nilipata hivihivi, mashine ikanikatalia, nikabadilisha namba.

Hakunipigia kelele. Aliniuliza pembeni mwa kapasita pameandikwa nini. Nikasoma: maikrofaradi 1,000, volti 25, na herufi M. Akaniuliza M ni nini. Sikujua. Miaka 11 nazibadilisha kapasita, herufi ile nimeiona mara elfu, sikuwahi kuiuliza. Akanieleza kwamba M ni ruhusa ya mtengenezaji kupotoka asilimia 20 juu au chini. Akaniambia nipime resista yangu. Ilikuwa omu 10,300. Akaniambia nigawanye 12.2 kwa 10,300, nikafanya kwenye karatasi mbele yake, nikapata maikrofaradi 1,184. Asilimia 18 juu ya ilichoandikwa. Kapasita yangu ilikuwa nzima kabisa, ndani ya ruhusa yake, na mita yangu ilikuwa imesema kweli tangu siku ya kwanza. Alama za ripoti akazikata nusu kwa sababu ya namba zilizobadilishwa, akanitaka nilete ripoti mpya yenye vipimo vya kweli na aya moja ya kueleza tofauti ile inatoka wapi. Aya hiyo niliiandika mara 4. Ndiyo kazi pekee ya kozi nzima niliyoichapisha nikaibandika karakanani.

Nilifaulu kwa 68.

Vijana wakiniuliza sasa kozi gani ni nzuri, nawaambia wafungue jedwali la alama kabla ya kitu kingine. Kozi za NPTEL, mpango wa masomo ya mtandaoni wa India, kwa mfano, zinaweka 25 kwa kazi za kila wiki na 75 kwa mtihani unaofanywa kituoni chini ya msimamizi. Hapo unajua mapema kwamba kijani za nyumbani hazitakubeba. Wengine wanaweka karibu kila kitu kwenye maswali ya kuchagua. Mimi natafuta mstari mmoja tu: je, kuna mahali mtu atakaa mbele yangu aniulize nimejuaje? Kukiwa hakuna, jifunze humo, ni bure na ni elimu, ila tafuta mtu wa kukuuliza hapa nyumbani. Mimi nilimwomba mzee. Kila Jumamosi namweleza sakiti moja kwa Kiswahili, anauliza "kwa nini" mpaka nachoka, na maswali yake ni magumu kuliko ya chuo.

Julai 2022 yule baba wa Kibosho alipiga simu. "Fundi, shikeni mota yenu, imeshaanza kunguruma." Nikamjibu safari hii asilete mota, nitakuja mimi.

Nilipanda na mita, daftari na futi ya kupimia. Mashine ilikuwa bandani chini ya migomba, mbali na nyumba, na waya ulioipelekea umeme ulikuwa wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mita 120 kutoka kwenye mita ya umeme. Kwenda na kurudi ni mita 240. Waya wa unene huo una omu kama 7.4 kwa kilomita, kwa hiyo njia yote omu 1.8 hivi. Kwenye kozi tulifundishwa kanuni ya Thévenin, yule mhandisi wa telegrafu wa Ufaransa aliyeichapisha mwaka 1883: sakiti yoyote ndefu ya vyanzo na resista, ukiiangalia kutoka pale unapochomeka, unaweza kuiona kama chanzo kimoja na resista moja. Nilisimama pale bandani nikaiona. Chanzo kule nyumbani, omu 1.8 za waya, kisha mota.

Saa 1 jioni, watu wakiwa wamewasha taa na majiko, nilipima volti 205 pale nyumbani. Mota ikiwa imesimama, ndiyo inaanza, inavuta kana kwamba ni omu 3.8 tu. Kwa hesabu, hapo inabakiwa na volti 139. Yule baba akawasha. Mota ikanguruma, mkanda ukacheza, haukuzunguka, na mita yangu ikaonyesha 140. Nikampungia mkono azime haraka.

Jibu la swali langu la mwaka mzima lilikuwa hapo. Nguvu ya mota kuanza inakwenda kwa mraba wa volti: 140 juu ya 230 za kawaida, ukizidisha kwa yenyewe, ni theluthi moja na kidogo. Mota haina nguvu ya kushika kasi. Isiposhika kasi, ile swichi ya ndani, inayokata koili ya kuanzia mota ikishashika kasi, haijiachii. Isipojiachia, koili ya kuanzia, iliyotengenezwa kubeba umeme kwa sekunde chache tu, inabaki ndani ya sakiti inaungua, huku koili ya kuendeshea ikibaki nzima. Mara zote nilikuwa nimeisuka vizuri. Nilimpigia mzee nikiwa palepale chini ya migomba, nikamweleza kwa Kiswahili. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Kwa hiyo haiuawi na udogo, inauawa na kukawia?" Nikamwambia, "Ndiyo, mzee. Kukawia."

Yule baba alipouza kahawa ya mwanzo alinunua waya wa alumini wa milimita za mraba 16, ambao ni nafuu kuliko shaba na njia yote ile inabaki na kama nusu omu. Tuliuvuta siku ya Jumapili baada ya ibada, wanawe wakishika nguzo. Jioni, saa ileile, hesabu yangu ilisema mota ikianza itapata volti 183. Akawasha, mkanda ukashika, maganda yakaanza kutoka. Mita ilionyesha 178, nikaandika 178.

Zile volti 5 nilizipata wiki iliyofuata, kwenye skrubu moja ya swichi kuu iliyokuwa imelegea na kuanza kuwa nyeusi.